Nyumba ya Kumi na Nne Haina Kinu

"Bi Nyamizi, kinu changu kimeolewa huko kwako, au kitarudi?"

Siwema aliliuliza swali hilo akiwa amesimama kichochoroni na ndoo mkononi, siku mbili kabla ya milango kufungwa. Kinu kilikuwa chake, cha mti wa mninga, alikuja nacho kutoka kwao Sikonge alipoolewa. Bi Nyamizi alikiazima kutwangia bizari za pilau ya hitima ya marehemu mumewe, maana chake mwenyewe kilipasuka kitako tangu mwaka wa jana.

"Posa imeshaletwa, mwanangu," alijibu Bi Nyamizi. "Tukishakula ubwabwa wa harusi nakuletea kinu, mchi, na wajukuu wawili."

Siwema alicheka. Alicheka hadi kanga ikamteleza begani, akaidaka upesi akaufunika mkono, kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie. Bi Nyamizi aliuona upesi ule. Mwenyezi Mungu alimjalia macho, hakuna aliyelikataa hilo katika Mtaa wa Mikwaju. Lakini kuona ni jambo moja, na kukiweka moyoni ulichokiona ni jambo jingine. Alimwambia tu, "Nisalimie mumeo," akaingia ndani.

Siku mbili baadaye Mkamba ukatangazwa Tabora, na Vitasa vikajifunga.

*

Mkamba, ugonjwa wa kifua, ulikuwa umeshapita nchini mara mbili. Wa kwanza uliwakuta watu hawana habari, wakazika mpaka majembe yakaisha makali. Wa pili uliwakuta na Vitasa. Huu wa tatu uliwakuta na Vitasa na Sikio.

Kitasa kilikuwa bamba la chuma mlangoni, lisilo na tundu la ufunguo. Kikishajifunga, hakifunguki mpaka mtaa mzima upitishe siku ishirini na moja bila mtu kukohoa. Madirisha yalikuwa ya vioo vizito visivyofunguka. Uani kulitandwa utando wa kuchuja hewa, kunguru akitua juu yake ukiwa chini unaziona nyayo tu. Chakula kililetwa na kigari kisicho na dereva. Kilisukuma sanduku kwenye kidirisha kilicho chini ya mlango, kikaenda zake bila hodi.

Na Sikio lilikaa juu, chini ya bati, dogo kama kopo la mafuta ya nywele. Halikulala wala kusinzia. Lilisikiliza kila kitu ndani ya nyumba likitafuta kikohozi, na kingine chote likakitupa. Lakini kwa kuwa mashine ni mashine, kila mtaa uliwekewa mtu wa kuitazama, naye aliitwa mpokezi. Kila siku baada ya sala ya alasiri orodha iliingia kwenye kishikwambi chake: nyumba ya kwanza, vikohozi sifuri, nyumba ya pili, vikohozi sifuri, mpaka ya arobaini. Akishaisoma, aligusa penye neno Nathibitisha kabla ya adhana ya magharibi, na siku ikahesabiwa.

Wapokezi walichaguliwa wajane wanaoishi peke yao. Fundi aliyekuja kumfungia Bi Nyamizi mtambo alimweleza sababu bila kuona haya.

"Mjane hana wa kumficha, mama."

"Wala hana wa kumtetea," alisema Bi Nyamizi.

Fundi alitabasamu, akamshikisha msahafu, naye akaapa kwamba hataongeza wala hatapunguza. Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kutia saini asichokielewa, aliweka kidole kwenye maandishi madogo yaliyokuwa pembeni mwa kila nyumba, akasoma polepole kama alivyofundishwa darasa la pili. Kutwanga. Kupiga chafya. Kupasua kuni. Kufunga mlango.

"Na haya ya nini?"

"Hizo ni sauti zinazofanana na kikohozi, mama. Kikohozi ni kishindo kifupi chenye pumzi. Sikio likisikia kishindo, lazima likipe jina ndipo likitupe. Lisipokipata jina litakiita kikohozi, na mtaa mzima utarudi siku ya kwanza. Kwa hiyo tumelifundisha majina kumi na mawili. Kila kishindo linakipa jina lililo karibu nacho."

"Mbona ugomvi sioni?"

"Wananchi walikataa. Walisema serikali isiingie vyumbani mwao. Ikaamuliwa kwenye mikutano ya mitaa: maneno yasisikilizwe, ugomvi usisikilizwe. Ya ndani ni ya ndani."

Bi Nyamizi aliukumbuka mkutano ule, uliofanyika shuleni, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono.

*

Siku za mwanzo hazikumsumbua. Alishakaa eda ya mumewe, miezi minne na siku kumi, akajua jinsi ya kuishi na kuta nne bila kuzichukia. Wakati ule Siwema ndiye aliyekuwa akimletea maji na kumtolea taka, na kila jioni akikaa mlangoni kumsimulia habari za nje, akiziongeza chumvi ili mjane acheke. Sasa kila mtu mtaani alikuwa kama yuko edani, ila bila aliyekufa.

Nyumba ya kumi na nne ilitazamana na yake. Hatua sita za kichochoro, kioo kwa kioo. Siku nne za kwanza Siwema alisimama dirishani asubuhi, akapunga mkono, akaonyesha kwa vidole amepika nini. Siku ya tano hakutokea. Siku ya sita pazia lilifungwa, halikufunguliwa tena. Bi Nyamizi alidhani wanaogopa jua.

Tena orodha ilikuwa ikimtuliza. Nyumba ya kumi na nne, vikohozi sifuri. Kutwanga, dakika nne. Kesho yake, kutwanga, dakika tisa. Mtu aliyefungiwa peke yake hufurahia hata moshi wa jirani, na Bi Nyamizi alilifurahia neno lile. "Mwanamke wa kazi yule," alijisemea. "Dunia imesimama, yeye mchi mkononi." Akagusa Nathibitisha, akatia udhu.

Siku ya kumi na saba orodha iliingia kama kawaida. Nyumba ya kumi na nne, vikohozi sifuri. Kutwanga, dakika ishirini na sita.

Alikunja uso. Dakika ishirini na sita ni mpunga wa harusi. Na sanduku la kigari lilileta mchele uliokobolewa, unga uliosagwa, karanga zilizosagwa tayari zikatiwa kwenye kopo. Mtu anatwanga nini muda wote huo? Akasimama aende kuchukua birika, akiwa bado anawaza, na kidole cha mguu kikajigonga kwenye kitu kilichokuwa pembeni mwa kabati, chini ya mkeka uliokunjwa.

Aliinama akasugua kidole. Akauinua mkeka.

Kinu kilikuwa pale. Cha mninga, ukingo umeliwa upande mmoja, mchi umelala ndani yake. Kilikuwa pale tangu hitima.

Bi Nyamizi alikaa chini taratibu, akatia mkono ndani ya kinu mpaka kwenye kitako, akautoa, akanusa. Bizari. Kisha akavuta kishikwambi akarudi nyuma kwenye orodha, siku moja moja. Siku ya tano, dakika nne. Siku ya sita, tisa. Siku ya nane, saba. Siku ya kumi, kumi na tatu. Siku kumi na moja kwa jumla, dakika zikielekea kuongezeka. Na chini ya kila siku, kwa herufi za kijani, neno lake mwenyewe. Nathibitisha. Nathibitisha. Nathibitisha.

*

Aliinua mkono wa simu ya ukutani akaita nyumba ya kumi na nne. Iliita mara nyingi.

"Shikamoo, Bi Nyamizi." Ilikuwa sauti ya Bilali, mume wa Siwema, laini, ya mtu aliyetoka kunywa chai.

"Marahaba, mwanangu. Nampata Siwema?"

"Amelala."

"Saa kumi hii?"

"Uchovu, mama. Si unajua kazi za nyumba."

"Najua. Na simu yake ya mkononi mbona haiiti?"

"Ilianguka majini."

"Pole yake. Sikio linasema leo ametwanga sana. Mnatwanga nini?"

Bilali akacheka, kama mtu aliyeokota kitu njiani na kukiona kinamfaa. "Linasema hivyo? Kisamvu, mama. Anajua ninavyokipenda."

Nyuma ya sauti yake Bi Nyamizi alisikia pumzi. Ilikuwa ikivutwa kwa pua, kidogo kidogo, kama ya mtoto aliyekatazwa kulia mbele ya wageni.

"Haya," alisema. "Mwambie nimemsalimu."

Akairudisha simu mahali pake. Akaifuta simu kwa upindo wa kanga, akaiinua tena, safari hii akamwita Mzee Kapalata, mjumbe wa mtaa. Walijuana miaka thelathini. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea marehemu mumewe. Akamweleza yote: mkono uliofunikwa, pazia, dakika, kinu.

Mzee Kapalata alimsikiliza mpaka mwisho.

"Polisi?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Polisi wana bunduki, ufunguo hawana. Kitasa kinasikia vitu viwili, Bi Nyamizi. Moto na kikohozi."

"Na mwanamke anayeuawa?"

"Nani kasema anauawa? Wazee walisema, wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune."

"Kulima nitalima, Mzee. Naogopa ninachochimba kisiwe kaburi."

Mzee alivuta pumzi. "Siku zimebaki nne."

"Najua."

"Mke wangu yuko Urambo, Kitasa kilimkuta kwa dada yake. Miguu imemvimba. Jana nimempigia, akaniuliza mimi ni nani."

"Najua, Mzee. Uliniambia."

"Basi unajua." Sauti yake ilishuka. "Kuna njia unaiwaza. Nakujua, ndiyo maana hujakata simu. Usinitajie. Nikiulizwa, nisiwe na cha kuficha."

*

Njia aliyokuwa akiiwaza ilikuwa chini kabisa ya orodha, kisanduku kitupu chenye maneno, Niliyoyasikia kwa sikio langu. Waliotengeneza mtambo waliogopa Sikio lisije likapitwa na kikohozi cha mtu aliyejifunika shuka, wakamwachia mpokezi nafasi ya kuongeza. Vikohozi vitatu vilitosha. Wabebaji wa wagonjwa wangekuja, mlango ungefunguliwa, mgonjwa angechukuliwa peke yake mpaka kambi ya wagonjwa. Na aliyetolewa harudi nyumbani kwake hadi siku ishirini na moja zitimie. Kule kuna wauguzi wanawake. Angevuliwa nguo aoshwe dawa, na macho ya watu yangeuona mwili wake.

Na mtaa mzima ungerudi siku ya kwanza. Nyumba arobaini. Mzee Kapalata na mkewe asiyemjua tena. Wale vijana wa nyumba ya tatu wanaolala sita chumba kimoja. Na yeye mwenyewe.

Alimpigia Mwasiti, binti yake, kule Nzega.

"Mama, umeshafunga mzigo?" Mwasiti alikuwa anatafuna kitu. Mimba hii ya kwanza ilimpa njaa ya mchwa. "Mkunga amesema wiki ijayo. Nimemwambia asithubutu kunigusa mpaka mama yangu aingie mlangoni."

"Mwache mkunga afanye kazi yake."

"Unasemaje?"

"Nasema huenda nikachelewa."

Kutafuna kukakoma. "Mama. Zimebaki siku nne. Nani kakohoa?"

Bi Nyamizi alitazama pazia la nyumba ya kumi na nne. Lilitikisika kidogo, likatulia. "Hajakohoa mtu," alisema. "Mwanangu, ukishikwa na uchungu, shika kitu cha mti, usishike chuma. Chuma kinaingiza baridi. Na umsikilize mkunga."

"Mama, kuna nini?"

"Nitakwambia siku nitakayomshika mjukuu wangu. Sasa naenda kusali."

Hakuwa amesema uongo kwa binti yake, na hilo lilimpa nguvu kidogo, kisha likamwondolea. Maana uongo wenyewe ulikuwa bado mbele yake, umekaa unamsubiri kama mgeni aliyebisha hodi.

Alitandika mswala. Alisali alasiri aliyokuwa ameichelewesha, akabaki amekaa, tasbihi mapajani. Alijua anachoulizwa. Kiapo si ganda la mua la kutafuna ukatema. Marehemu Maalim aliyekuwa akiwafundisha wanawake kila Jumatano alisema kiapo cha uongo cha makusudi humzamisha mwenyewe motoni, na alipolisema neno kuzamisha alishusha mkono mpaka chini ya meza. Bi Nyamizi alikuwa na miaka hamsini na nane. Vitu vya kwenda navyo mbele ya Mola wake alivyokuwa ameviweka havikuwa vingi: sala zake, saumu zake, na ulimi ambao watu walisema haujawahi kuteleza.

Lakini Maalim huyo huyo alisema jambo jingine, Jumatano nyingine, yeye akiwa edani anasikiliza kwa simu. Mwanamke mmoja aliuliza, mwenye eda nyumba ikimwia hatari afanyeje? Maalim akajibu bila kufungua kitabu. "Akiihofia nafsi yake, atoke. Mwenyezi Mungu hakumfunga mtu ili auawe."

Alikaa na neno hilo. Kama Mungu mwenyewe, aliyeiweka eda, aliiachia mlango kwa anayehofia nafsi yake, ni nani hawa waliotengeneza Kitasa kisicho na mlango huo? Kisha akajisahihisha, kwa kuwa hakuzoea kujionea huruma. Ni nani hawa? Ni yeye. Alinyoosha mkono, amekaa kwenye dawati la mtoto, kwa sababu hakutaka serikali isikie anavyomlilia mumewe usiku. Sababu yake ilikuwa nzuri. Ya Siwema hakuna aliyeiuliza.

Akahesabu atakaowaumiza, akawataja mmoja mmoja kwa majina, nyumba kwa nyumba, kama anavyowataja wafu kwenye dua. Hakuna aliyekuwa mdogo kiasi cha kurukwa. Alipofika nyumba ya kumi na nne alisimama. Hawa wengine wote, alifikiri, nikiwakosea nitaweza kuwaomba radhi.

Akachukua kishikwambi. Nyumba ya kumi na nne. Mke. Vikohozi vitatu. Nathibitisha.

*

Simu zote za ukutani zililia kwa pamoja. Sauti isiyo ya mtu ikasema nyumba ya kumi na nne ina kikohozi, wakazi wabaki ndani, leo ni siku ya kwanza. Na hata kupitia vioo vizito Bi Nyamizi alisikia mtaa ukiguna, nyumba hadi nyumba, mguno mrefu wa watu walioshikilia pumzi siku kumi na saba.

Aliburuta kinu mpaka dirishani. Hakujua kwa nini hasa. Alikipandisha juu ya meza ya cherehani, mchi ndani yake, akavuta pazia lake likawa wazi lote. Labda alitaka Siwema akitoka aone kitu cha kwake.

Wabebaji walifika kabla ya dakika kumi, jua likiwa bado juu ya bati. Walikuwa wanne, wamevaa meupe kuanzia utosini, nyuso nyuma ya vioo. Msimamizi wao alikuwa mwanamke. Alijulikana kwa sauti tu; kipaza kifuani mwake kiliipeleka, pamoja na sauti za walio karibu naye, kwenye simu za ukutani za mtaa mzima. Akaweka kiganja kwenye Kitasa cha nyumba ya kumi na nne. Mlango ukatoa sauti kama mtu anayegeuza shingo, ukafunguka.

Bilali alisimama kizingitini, shati limepigwa pasi.

"Kuna makosa," alisema. "Mke wangu mzima. Hajakohoa hata siku moja. Sikio lenyewe halijasema, tazameni orodha."

"Ameongeza mpokezi," alisema msimamizi.

"Amesikiaje? Vioo viwili na kichochoro katikati. Mimi ninayelala naye sijasikia." Aligeuka akatazama dirisha la Bi Nyamizi, na akatabasamu kwa heshima, kama kijana mwema. "Lakini tusimvunjie heshima. Bi Nyamizi ni mtu wa msahafu. Mtakeni aape. Akiapa kwa Mungu kwamba amemsikia Siwema anakohoa, mimi mwenyewe nitambebea begi."

Alijua anachofanya. Mtaa mzima ulijua kwamba Bi Nyamizi hata kwa mzaha haapi.

Msimamizi alivuka hatua sita, akasimama mbele ya kioo. "Mama, wewe ndiye mpokezi?"

"Ndimi." Sauti yake ilipita kwenye simu ya ukutani, ikatokea kichochoroni kwenye kipaza kile, nene kuliko alivyoizoea.

"Mlango ukishafunguka siku zimeshavunjika, hilo haliwezi kurudi nyuma. Ila kumtoa mtu ambaye Sikio halikumsikia, na mwenye nyumba anakataa, lazima kiapo. Kambini atapulizishwa kipimo keshokutwa. Kifua kikikutwa safi, utajibu wewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kuna mjumbe hapa?"

"Nipo," ilisema sauti ya Mzee Kapalata kutoka nyumba ya tisa.

"Una lolote la kusema kuhusu mpokezi huyu kabla hajaapa?"

Kigari cha chakula kilipita mwisho wa mtaa, kikapiga honi yake ndogo, kikaondoka. Bi Nyamizi alifumba macho. Neno moja tu kutoka kwa mzee yule, na angekuwa amelipiza siku za kwenda Urambo alizonyang'anywa.

"Ninachokijua," alisema Mzee Kapalata, taratibu, "ni kwamba miaka thelathini sijamsikia Bi Nyamizi akisema lisilokuwapo." Kisha akamalizia, na sauti ilikuwa ya mtu anayeshusha mzigo wake mwenyewe chini, "Akisema mtoeni, mtoeni."

Bi Nyamizi aliuchukua msahafu kwenye kishubaka. Hakuutumia kujificha uso. Aliushika kifuani, mahali pa kuonekana, akamtazama Bilali, na kwa mara ya kwanza aliliona tabasamu lile likimpungua pembeni.

"Wallahi," alisema, "nimemsikia Siwema akikohoa. Mara tatu."

Hakuna kilichotokea. Bati halikuanguka. Kunguru juu ya utando aliendelea kutembea. Alihisi tu kwamba kitu alichokuwa amekibeba tangu utotoni, bila kujua uzito wake, sasa hakipo.

"Mtoeni," alisema msimamizi.

"Siwema!" Bilali aliita ndani, kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia. Mara akaishusha. "Njoo, mke wangu. Njoo uwaambie hawa watu hujakohoa, tumalize."

Alitokea akishikilia ukuta. Alikuwa amevaa kanga mbili, moja kichwani imevutwa mpaka mdomoni, miguu mitupu. Jicho moja lilikuwa wazi. Jingine lilikuwa limevimba likafunga lenyewe, kama tunda lililoiva vibaya. Mmoja wa wabebaji alipiga hatua mbele, msimamizi akamzuia kwa mkono.

"Dada," alisema msimamizi, na kipaza hakikuweza kuificha sauti yake iliyobadilika. "Nakuuliza wewe. Umekohoa?"

Bilali alimwekea mke wake mkono begani, pale pale kanga ilipoteleza siku ile. "Sema ukweli, mama. Mungu anasikia."

Siwema hakumtazama. Jicho lake lilivuka kichochoro likatua kwenye dirisha la Bi Nyamizi: kwenye msahafu, kwenye uso wa mjane uliolowa, kisha chini, kwenye meza ya cherehani, palipokaa kinu cha mninga chenye ukingo ulioliwa. Alikitazama kwa muda. Midomo ikatingishika chini ya kanga.

"Bi Nyamizi," alisema, sauti kavu kama ganda la karanga, "kinu kaa nacho."

Akautoa ule mkono begani mwake, akavuka kizingiti, akapita katikati ya wale weupe wanne, akaenda hadi kwenye gari la wabebaji.